Kadi Kutoka Erdenet

Imefika kwa treni, saa moja jioni,
imelala mchana kutwa katika behewa la mizigo lenye barafu.
Ulaanbaatar leo ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Dulguun ameibeba kifuani, ndani ya koti la baba,
kama mtu aliyeokota mwanakondoo njiani.

Anachomoa kisu. Namshika mkono.
Bado.
Kitu cha baridi kikiingizwa ghafla penye joto hutoka jasho.
Miaka sita nafunga mita za maji ya moto,
nalijua jasho la chuma na linachoua.
Saa nne. Iweke pale, mbali na bomba,
ikae kama mgeni ambaye hajavua viatu.

Tuanze na vilivyokwisha kuzoea nyumba.

Mchagua jembe si mkulima, husema watu.
Hao hawajawahi kuchagua pawa.
Sisi tumechagua miezi mitatu,
tumepiga hesabu nyuma ya bili za joto:
prosesa wati sitini na tano, kadi mia mbili na ishirini,
ongeza feni, ongeza diski,
ongeza umeme wa jengo letu, ambao hunywea
kila ghorofa zote tisa zikipika chakula cha jioni.
Yeye alitaka kasha la kioo, taa za rangi saba.
Mimi nilitaka kitu kisicholipuka.
Tuligombana mpaka mama akazima redio ili asikie vizuri.
Basi kasha ni la bati, kona moja imebonyea,
la kijana wa Darkhan aliyehamia Busan.
Pawa ni mpya. Nyeusi, nzito, ghali,
haina la kumwonyesha mtu.

Hewa ni kavu; ukivua sweta ya sufu, inatema cheche.
Gusa bomba, namwambia, kabla hujagusa ubao.
Anagusa. Tii! Anacheka, anauramba ungo wa kidole.
Hiyo, namwambia, ingekuwa tugrik laki nne.

Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu,
na tundu lake lina nyingine.
Usiikandamize. Iachie tu, inapajua kwake.
Wenzo ndio wenye vitisho: unalia kama mfupa,
Dulguun anaufunga amefumba macho.
Grisi, kiasi cha punje ya dengu.
Ramu mbili, sukuma hadi ziseme ko.
Skrubu moja imeangukia chini ya ubao
na kwa dakika ishirini hatuna maneno ya adabu.

Saa tano usiku nalipima boksi kwa mgongo wa mkono,
kama paji la mtoto mwenye homa.
Haya. Kata.

Ina vumbi la kijivu kwenye mapezi.
Miaka miwili ilifungiwa kontena na wenzake mia,
ikichimba sarafu usiku na mchana,
ikipiga hesabu, hesabu, hesabu.
Iliumbwa ichore, na haijawahi kuchora hata jani.
Dulguun anaipuliza polepole.
Anaiuliza kama imechoka.

Tunawasha.
Feni zote zinazunguka. Skrini, giza.
Tunazima, tunawasha. Giza.
Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza dunia.
Narudi mwanzo, kidole kwa kidole, kebo kwa kebo,
hadi kwenye ramu ya pili:
ilisema ko upande mmoja tu.
Nabonyeza. Ko.

Herufi nyeupe. Jedwali. Saa isiyo sahihi.
Mama amesimama mlangoni na blanketi mabegani.
"Ndiyo hiyo gemu yenyewe?"
Dulguun hamjibu, anasoma kwa sauti
kila mstari, hata asioulewa,
mpaka kwenye joto la prosesa:
nyuzi thelathini na moja.
Anageukia dirisha lililoganda,
anageukia skrini,
anaisoma tena.