Punje ya Wimbi, Kencom

Chiromo, saa nane usiku. Stima imerudi,
mashine imekohoa, na kwenye skrini
galaksi mbili zimeshikana tena.
Nuru hii iliondoka huko
kabla Bonde la Ufa halijapasuka.
Mkono mmoja wa nyota umevutika, mrefu,
kama uzi wa sweta ulionaswa na msumari wa lango.

Watu husikia mgongano, wakaona Mombasa Road:
vioo, ving'ora, kiatu kimoja barabarani.
Sivyo. Weka punje ya wimbi pale Kencom,
nyingine ukaiweke Thika.
Ndivyo nyota zinavyokaa. Zinapishana
bila hata kugusana bega.

Mama alipoolewa tena, na Wandera wa Buruburu,
sisi tulikuwa watatu, wao wanne, vyumba viwili.
Mwaka mzima mimi na Nafula tulipishana ujiani,
mmoja akitoka kuoga, mwingine akiingia,
wala ndoo haikugusa ndoo.
Kilichogongana ni hewa:
harufu ya omena wao, uchungu wa chinsaga yetu,
redio mbili, stesheni mbili,
kila moja ikipandishwa sauti.

Hivyo hivyo gesi. Gesi haijui kupisha.
Inagongana, inabanwa, inachemka,
na pale panapobanwa zaidi
huwaka nyota changa, za buluu,
zisizojua zimetoka upande upi.
Wetu alizaliwa Agosti. Alilia kwa lugha zote mbili.

Lakini kuna kitu kingine, kizito kuliko vyote,
kisichowaka, kisichogusana na chochote.
Gesi ikikwama katikati, chenyewe hupita moja kwa moja
kama hakikuona vita.
Hatukioni. Tunakijua
kwa jinsi nuru itokayo nyuma yake inavyopinda.

Wandera alikuwa akipanga vikombe jioni,
akihesabu kwa midomo tu,
na kila mara kikombe kimoja kilizidi.
Hakuna aliyeuliza ni cha nani.
Mama alikipangusa, kikavu vile vile,
akakirudisha kabatini. Polepole.

Wanasema galaksi yetu nayo huenda ikakutana na jirani yake;
siku hizi hesabu zenyewe zinasita.

Simu inamulika mezani. Nafula, yuko zamu Kenyatta,
wodi ya watoto.
"Umekula?"
Bado. Nasogeza picha kidogo kushoto,
pale nuru inapopinda
na hakuna kitu.