Jumamosi ni ya Mvuke

Ghorofa ya tatu, Turku, mwezi wa kumi na moja.
Jua linapiga hodi saa tatu, halingoji kukaribishwa,
saa tisa limeshaaga.
Na Ensio wangu, aliyechomelea meli miaka thelathini na sita,
meli ndefu kuliko mtaa wetu,
hana pa kuweka mikono.
Aliiweka mezani, nikaiona kama glavu
za mtu aliyesahau kuzirudia.

Wiki ya kwanza alipima. Ya pili akapima tena.
Sebuleni? Zulia langu halitaki unga wa mbao.
Chumbani? Gundi yake inanuka samaki wa juzi.
Robo saa alisimama kwenye roshani na futi yake ya chuma,
akarudi ndani masikio mekundu.
Jumatatu natoka sokoni na viazi na siagi,
nakuta mlango wa sauna u wazi
na jiriwa imefungwa kwenye benchi la juu,
pale pale ninapokaa mimi.

Sikusema kitu. Nilihesabu.
Randa moja, urefu wa kidole changu cha shahada.
Vichokoo vitano vya chuma, zawadi ya Bi Helka,
daktari wa meno mstaafu wa ghorofa ya kwanza.
Tupa. Msasa. Miwani jozi mbili, moja juu ya nyingine.
Vibanio vya nguo arubaini, vyangu,
nilivyovitafuta tangu Jumapili.
Na juu ya mawe ya jiko, yaliyolala baridi,
mchoro umetandazwa kama kitambaa cha meza.

"Meli gani hiyo?"
"Ya baba yako," akasema, hakuinua kichwa.

Baba alipakia mchanga visiwani,
merikebu ya milingoti miwili, nyeusi kwa lami,
akauleta mjini ukajenge nyumba za watu wengine.
Picha ipo moja tu,
na nusu yake ni kidole gumba cha mpiga picha.
Nyuma ya kidole hicho Ensio amekisia tezi yote.

Nikameza maneno yangu. Lakini Jumamosi ni Jumamosi.
Mtu hunyimwa mengi akazoea;
mvuke wa Jumamosi, nikamwambia, sijazoea kunyimwa.
Akavitoa vyombo kimoja kimoja,
akavilaza ukumbini juu ya gazeti
kama anayehamisha wagonjwa.
Vikabaki vijiti vya mbao, vyembamba kama tambi,
ambavyo wiki nzima vilimvunjikia mkononi:
kila akivikunja vifuate mataruma, tak.
"Viache," nikasema. "Navyo vioge."

Tukakaa, wazee wawili watupu,
kati yetu fungu la mbao ndani ya taulo.
Nikamwaga maji kwenye mawe.
Mvuke ukapanda darini, ukageuka, ukatushika mabega.
Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo.
Na aliyekwisha kukauka?
Huyo mpe mvuke. Usimwangalie sana.

Dakika ishirini. Ensio akachukua kijiti, akakikunja,
kikafuata kidole chake bila ubishi.
Hakungoja hata taulo.
Akatoka mbio, maji yakimdondoka juu ya zulia langu,
akakibana kwenye taruma la kwanza kabla hakijapoa.
Nikamsikia huko akicheka peke yake.
Nikapanda benchi la juu, nikanyoosha miguu.

Sasa ni Machi. Mbao mbili kila Jumamosi,
moja kila ubavu, haiwezekani kuharakisha.
Nguo zangu zinakauka mgongoni mwa viti.
Jana kaja na brashi ya nywele tatu:
jina liliandikwaje pale nyuma, chini ya kidole gumba?

Nilikuwa na miaka minne.
Nikataja la kwanza lililonijia, herufi sita.
Akazipima kwa rula, akasema zitaenea.
Sijamwambia.