Hasi Moja

Maribor, Januari. Mto Drava umejifunika ukungu,
na humu ghalani pumzi zetu zinatangulia maneno.
Breda ananyoosha kidole, glavu imekatwa ncha:
"Hebu soma hapo."
Nasoma. Kitasa cha shaba, namba 4471.
Kilichopo: hasi moja.

"Miaka thelathini na moja nahesabu vitasa," anasema,
"sijaona kitasa kikakosekana
kupita kutokuwepo."

Nimeitwa kupatanisha mifumo miwili:
wa ghala, mkongwe, mzito wa kusikia,
unaojua rafu na sanduku na basi;
na wa duka la mtandaoni, kijana,
mwepesi wa kuahidi.
Kila robo saa inaamshana:
Unavyo vingapi? Viwili.
Mimi ninacho kimoja. Haya, tuseme kimoja.
Kisha inalala,
na ndani ya usingizi huo
mama mmoja wa Ptuj na fundi mmoja wa Graz
wananunua kitasa kilekile cha mwisho,
kila mmoja akishukuriwa kwa jina lake.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyoambiwa.
Mali yenye madaftari mawili, je?
Hiyo hupotea na habari zake zote,
zimepangwa kwa tarehe, zimepigwa muhuri.

Nikachora ubaoni: kilichopo,
kilichoahidiwa, kilicho njiani kutoka Brescia,
kilichorudishwa kwa sababu ya mkwaruzo.
Bwana Vidmar akakuna kidevu:
"Kwani kitasa si kitasa?"
Si kitasa, nikamwambia. Kilichoahidiwa kina mwenyewe,
kwetu kimekaa tu
kama mgeni aliyekwisha kufunga mizigo.

Usiku, miguu juu ya hita, nikalifuta lile swali.
Nikaifundisha mifumo isiulizane tena *vingapi*.
Iulizane: *kumetokea nini?*
Kimeingia. Kimetoka. Saa ngapi, kwa mkono wa nani.
Jumla ni uvumi,
tendo ndilo shahidi.

Nikayapitisha matendo yote tangu Oktoba,
elfu mbili mia tatu na sita,
yakapita moja moja kama kondoo mlangoni mwa zizi.
Alfajiri nikawa nimeielewa hasi moja:
kitasa kimoja, ahadi mbili.
Lakini hicho kimoja chenyewe?
Rafuni palikuwa na vumbi,
na katikati ya vumbi, mraba safi
wa sanduku lililoondoka.

Breda alinyamaza muda mrefu.
Kisha akanishika kiwiko hadi mlango wa nyuma.
"Tazama."
Mlango umekula kutu juu hadi chini,
na kiunoni mwake shaba mpya inang'aa.
"Novemba, theluji ya kwanza. Cha zamani kilivunjikia mkononi mwangu.
Fundi alisema Jumatatu.
Ningeliacha ghala wazi?"

Siku ngapi tumekitafuta,
na kila asubuhi, kabla ya kuanza kukitafuta,
tumekishika.

Nikaongeza neno ambalo mchoro wangu haukuwa nalo:
*kinatumika hapa.*
Breda akaketi, akabonyeza kwa kidole kimoja,
tarehe, saa, sababu. Akasita.
"Hapa panauliza mkono wa nani."
Andika jina lako.
Akaandika. B, r, e, d, a.

Namba ikageuka: hasi mbili.
Ikageuka kule ghalani, ikageuka kule dukani,
kabla sijapepesa jicho.
Mbaya kuliko jana, na kweli kwa mara ya kwanza.
Bwana Vidmar akavuta simu, akapiga Ptuj kwanza,
sauti yake ndogo, ya mtu anayevua kofia.

Sisi tukatokea nyuma.
Breda akaufunga mlango,
akazungusha ufunguo mara mbili,
akautikisa kuhakikisha.