Saa Sita

Daktari wa macho kasema, "Saa sita kila siku."
Nikadhani adhuhuri.
Nikacheka peke yangu pale kliniki ya Ghubra
mpaka Khulud akanikanyaga mguu chini ya kiti.
Saa sita za kuhesabu, mama. Jicho zima lifungwe,
la kushoto lijifunze kazi.

Jicho vivu, ndivyo wanavyoliita.
Sikupenda. Mtoto wa miaka minne,
uvivu kautoa wapi?

Khulud anakwenda benki Ruwi kabla jua halijawa kali.
Tunabaki Mabela, mimi na Muzna
na boksi la vibandiko vyenye picha za samaki.
Akitoka nje ni mara moja tu, kumfuata paka wa jirani,
lakini Juni ya huku haina mara moja tu:
jasho linaingia chini ya gundi
na halina mlango wa kutokea.

Siku ya tatu akaanza kujikuna.
Siku ya nne nikakivuta
kama ninavyovuta plasta ya kisigino changu,
mara moja, kwa nguvu,
nikidhani haraka ndiyo huruma.
Ngozi ikaja nacho. Kidogo, punje ya mtama,
na vinyweleo vitatu vya nyusi. Nilivihesabu.
Hakulia. Alinitazama
kwa macho yake ambayo siku zote moja huku, moja kule,
na siku hiyo yote mawili yalinilenga mimi.

Usiku mama yake akaliona shavu,
wekundu umekwenda duara
kama alama ya finjani juu ya kitambaa cheupe.
Hakusema neno.
Bora angesema.

Nesi Shaija ni mtu wa Kerala.
Kiarabu chake kibovu, changu kibovu,
tukaelewana kuliko mimi na daktari.
Akanifundisha kwa vidole, juu ya mkono wangu mwenyewe:
lowesha kingo kwa maji ya vuguvugu, subiri, subiri tena,
kisha kikunje taratibu kama mkeka,
usikifumue kama mfuniko wa sufuria.
Leo kielekee sikio, kesho kielekee pua,
gundi isilale pahala pamoja.
Malhamu usiku, asubuhi uso mkavu.
Na kwa sasa, kasema daktari, siku mbili bila kitu.
Tone la mafuta ya nazi nimeliongeza mimi.
Hilo Shaija halijui.

Siku mbili zikaisha. Shavu likatulia.
Muzna akaketi juu ya boksi lake, kafunga mikono.
"Bibi kwanza."

Basi nikakaa chini.
Akanichagulia pweza.
Ulimi nje, pumzi puani kwangu, akanibandika jicho la kulia,
lile zima,
maana la kushoto lina mtoto wa jicho
ambaye nimemficha Khulud tangu Ramadhani.

Dunia ikawa maziwa.
Mlango upo, ila hauna kingo.
Nikamimina chai, sahani ikanywa yote.
Hata robo saa haijafika, gundi ikaanza kuniwasha,
wasiwasi mdogo mdogo unaotembea,
nikainua ukucha.
"Usikune, Bibi," akasema,
kwa ukali wangu, kwa sauti yangu hasa,
na yeye mwenyewe sasa kabandikwa, kakubali,
samaki wa manjano kaelekea sikioni.

Tulikaa hivyo kwenye zulia, mashine ya baridi ikinguruma,
jicho moja yeye, jicho moja mimi,
mabaya yote mawili.
Adhana ikaanza msikitini. Saa sita ile ya kwangu.
Simu ikawaka juu ya meza,
mimi nikaona mwanga tu.
"Nani huyo, Muzna?"

Akaiinamia, pua karibu iguse kioo,
akakawia. Sikumharakisha.
"Mama," akasema.
Halafu, "Mama kavaa ile miwani yake."