Milisekunde Kumi na Sita

Kitabu kina uzito wa tofali. Nimekiazima
maktaba ya mtaa wa Sargent, kurasa mia saba na kumi na mbili,
na jaladani pameandikwa kwa wino mwekundu: kwa waliobobea.
Mimi sijabobea. Mimi hukunja shuka za hospitali
tangu saa tisa mchana hadi saa tano usiku,
kisha hushuka chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu,
kwa kuwa huko kuna joto
na mtandao wa Rodelio wa namba mbili hupenya sakafuni.
Nje, Winnipeg, kope zinashikana ukipepesa.

"Kama unavyojua tayari," kinaanza ukurasa wa tisa.
Sijui.
"Kama unavyojua tayari," ukurasa wa thelathini na moja,
nami nageuka nyuma, kama mtu aliyesalimiwa barabarani
kwa jina la mwingine.

Nimejifunza kwa kudokoa. Leo neno, kesho mstari.
Kitanzi: kwetu ni neno la kutajwa kwa sauti ya chini;
humu ndicho kinachoufanya mchezo upumue,
kinazunguka na kuzunguka kikiuliza
umebonyeza? umebonyeza? umegonga kitu?
Shujaa wangu ni kisanduku cha bluu, hakina uso bado.
Usiku wa kwanza kilianguka hadi kikatoweka.
Sakafu nilikuwa nimeichora, lakini haikuwepo.
Kuonekana na kuwepo, kumbe, ni hesabu mbili,
kila moja huandikwa peke yake.
Nilicheka mwenyewe, nikakumbuka ofisi nilizozizunguka
na cheti changu cha ualimu ndani ya bahasha:
nilikuwepo, sikuwa nimechorwa.

Kisha ukurasa wa mia mbili na nne.
Kila picha, kinasema, ina milisekunde kumi na sita.
Ndani yake soma vidole, sogeza, pima mgongano, chora.
Ukizidisha, mchezo utakwamakwama, na jicho litajua
hata kama mwenye jicho hajui.

Nikakiweka kitabu chini.
Kumi na sita.
Kidato cha Pili, Korogwe, mwalimu Chanzera
akigonga rula kwenye dawati: nane, pumua, nane.
Aliyezidisha silabi alisimama dirishani
mpaka apate neno fupi zaidi.
Nilisimama sana. Lile dirisha nalijua hadi kutu ya nondo zake.

Basi lipo jambo nalijua tayari.

Usiku ule nikapunguza. Theluji niliyoiweka nyuma kwa pambo tu,
chembe mia nne, nikaibakiza arobaini.
Nikaacha kupima umbali wa vitu visivyokaribiana.
Nilihesabu kwa vidole, nikinong'ona kama mtafuta kina,
hadi kisanduku kikaruka dimbwi la barafu bila kusita,
na mashine ya kukaushia ikalia, imemaliza nguo za mtu.
Juu ya kanuni ya mruko nikaandika, kwa ile alama
inayoiambia kompyuta ipite bila kusoma:

Kisanduku ruka juu, sakafu isikumeze,
Usitazame makuu, ukianguka jikaze.

Jumamosi Idarusi alicheza, kijiko cha uji mdomoni.
Ana miaka saba. Hakusifu.
Alitafuta ukuta, akausukuma, akausukuma tena
pale pembeni ambapo sikupima vizuri,
akatokea upande wa pili, kweupe,
na kisanduku kikawa kinaanguka au kinapaa,
hakukuwa na kitu cha kulinganishia.
"Mama, huku kuna nini?"
Huko sijafika, nikamwambia.

Kitabu kilitakiwa Jumatano.
Nimebakiza kurasa mia tatu.