Chini ya Mita Moja

Lenzi ya baba ilikomea mita moja.
Iliandikwa hapo, tarakimu nyeupe juu ya alumini,
kisha kichuma kidogo kinagonga: tak.
Ukisogea zaidi ya hapo, uso wa mtu
unayeyuka kama samli juani.

Miaka thelathini na moja, Kibuye, nyuma ya duka la mbao,
alipiga watu wa vitambulisho, maarusi, makuruta wa polisi,
wajane waliodaiwa picha na benki.
"Rudi nyuma kidogo. Hapo. Usipepese."
Hata sisi wanawe alituambia hivyo hivyo
mezani, bila kamera.

Alipofariki, kaka zangu wakachukua ploti ya Ahero na fahali.
Mimi nikapewa soksi, na ndani ya soksi lenzi,
na ndani ya lenzi ukungu uliotambaa
kama mizizi ya magugumaji.
Kimemia, fundi wa Nakuru, aliufuta kwa pamba
na dawa inayonuka siki; akanitoza bei ya kondoo.
"Hauishi wote," alisema. "Huo wa pembeni umeshakula kioo.
Mwanga ukiupiga utaona maziwa. Usiuogope."

Kamera yangu ni ya mtumba, haina kioo tumboni,
bapa kama Biblia ya mfukoni.
Haibagui lenzi, mradi uipe pete ya kuziunganisha.
Na pete niliyoagiza, iliyolala forodhani wiki tatu,
si pete ya kuvaa na kusahau:
ina hesi ndani ya hesi. Ukiizungusha,
lenzi inasogea mbele, milimita moja, mbili, nne,
kama kobe anayetoa shingo
watoto wakishakwenda shule.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema.
Sikuwa na nyoka. Nilianza na kisubi
aliyefia kwenye pazia, mmoja wa yale mawingu
yanayopanda kutoka ziwani na kuingia hadi kwenye uji.
Tangu utoto nimewafagia kwa kizoleo.
Kumbe dume ana pembe za manyoya,
mbili, laini, kama za kuandikia barua.

Lakini pete ina masharti yake.
Ukiifungua yote, mbali kunakufa:
ziwa dirishani ni doa la kijivu,
Kisumu nzima ni rangi tu.
Na karibu penyewe ni pembamba, unene wa ganda la kitunguu.
Nikivuta pumzi mboni inapotea, nabaki na kope.

Mama nilimkalisha penye mwanga wa mlango.
Ndiye aliyekuwa akinoa penseli kwa wembe, usiku,
akiinamia negativu kwa umbali wa shubiri,
akiwafuta watu chunusi, makovu,
michirizi ya machozi.
Baba aliwapiga. Mama ndiye aliyewaona.
Nimeishi nyumba ile miaka yote
na hilo sikuwahi kulifikiri.

Nikasita mita moja. Mazoea.
"Mbona umesimama huko kama mtu anayenidai?"
Nikasogea. Tak. Nikazungusha pete,
na kwenye skrini ile mistari myekundu
inayoonyesha palipokaza ikacheza mikunjoni mwa mkono wake,
ikapanda kifundo, ikateleza, ikarudi,
ikatua kwenye kidole gumba:
nukta ya buluu, ndogo kuliko punje ya wimbi,
chini ya ngozi.

"Ncha ya penseli," akasema, wala hakutazama.
"Ilinichoma nikimsafisha bibi arusi mmoja wa Maseno.
Alikuwa amelia. Baba yako hakugundua."

Nikazuia pumzi. Mkono ukatikisika,
wake au wangu.
Sijui kama nilibonyeza.