Daftari la Wagonjwa

Ufunguo wa kabati la dawa ninao mimi,
lakini kabati lenyewe halina mlango mmoja.
Uling'oka Machi. Fundi Temba alisema Jumatatu,
hakusema ya mwezi gani.

Saa moja na nusu. Ukungu wa Julai
bado umelalia mapaa ya mabweni, Moshi nzima haionekani,
na foleni yangu imeshafika bombani.
Leo kuna jaribio la hesabu. Sikuambiwa na mtu:
vichwa kumi na vinne vinauma
na vyote ni vya kidato cha pili B.

Kipimajoto ninacho kimoja. Ninacho, nilikuwa nacho.
Kundaeli alikitumbukiza kwenye chai ya moto,
zebaki ikapanda, ikapanda, ikakosa pa kwenda.
Nikamwambia, mwanangu, kwa kipimo hiki
wewe ni marehemu tangu jana asubuhi;
nenda darasani, watakuzika na hesabu zako.
Foleni ikacheka. Wawili wakapona palepale.

Vitanda ni viwili.
Kimoja kimelazwa jezi za mpira wa pete,
majembe saba, na spika iliyoungua siku ya mahafali.
Ni kwa muda tu, anasema makamu mkuu.
Mgonjwa wa pili akija anakaa kwenye kiti changu,
nami nasimama pembeni
kama shangazi aliyekuja kumjulia hali.

Kichwa, panado.
Kifundo cha mguu, panado.
Barua ya mama kwamba baba amehamia kwingine:
panado nusu, na leso, na dirisha nalifunga.
Wananiita Mama Panado. Walimu nao.
Kileo wa jiografia anachungulia bila hodi:
"Nesi, huna sindano ya wapiga kelele?"
Kule Uru niliwahi kuzalisha pacha kwa tochi ya simu,
wa pili akitanguliza mguu.
Siku hizi napuliza magoti.

Haya yote nayacheka nyumbani, nikikaanga ndizi.
Lile la Elinisia silicheki.

Anakuja saa nne kasoro, kila siku,
kengele ya uji ikilia.
Tumbo, anasema. Haombi dawa. Hakunji uso.
Anakaa akitazama kalenda ya mwaka juzi
mpaka vikombe vya wenzake viishe kugongana huko nje.
Nilimpapasa: tumbo laini, limeingia ndani,
likanguruma kama lori la mawe linalopanda Kibosho,
naye akakohoa haraka ili nisilisikie.
Jina lake halimo kwenye orodha ya mchango wa chakula.

Daftari lina safu nne.
Kwenye safu ya Ugonjwa nikaandika: njaa.
Kwenye Tiba: uji, kikombe kimoja (cha nesi).

Mkuu akaniita. Kwake kuna zulia,
na dirisha ambalo mlima ukijifunua unajifunua kwa ajili yake.
"Sista, wakaguzi wanakuja mwezi wa nane.
Njaa si ugonjwa."
Akakata kwa kalamu nyekundu, taratibu, kwa rula,
akaandika juu yake: vidonda vya tumbo.
Ana mwandiko mzuri, siwezi kumnyima hilo.
Akaniuliza kama panado bado zipo.

Nilirudi nikilihesabu zulia kichwani kwa bakuli za uji.
Nikaacha. Hesabu haijawahi kunipenda,
ndiyo maana wale kumi na vinne nawaelewa.

Sasa nabeba chupa kubwa zaidi ya chai, na vikombe viwili,
na kwenye mkoba mkate uliofungwa kwa gazeti.
Kengele inalia. Mlango unasukumwa kidogo,
kama na upepo ulio na adabu.
"Tumbo," anasema.
"Kaa hapo," nasema. Hatuongezi neno.

Kwenye safu ya Ugonjwa naandika: kama jana.
Ukurasa wa jana unasema: kama juzi.
Wino mwekundu ukija,
na uitafute wenyewe hiyo juzi.